Jiwe Gumu Linalokunywa Chai

Watu wa Gusii hawahitaji kufundishwa jiwe. Shuka Tabaka, kule Mugirango Kusini, utamkuta kijana ameketi juu ya gunia, kisu mkononi, anamtoa kiboko kwenye bonge la yale mawe ambayo dunia nzima huyaita mawe ya Kisii. Akimaliza kuchonga analisugua kwa msasa na maji, analipaka nta, linang'aa. Ujuzi huo wa jiwe laini ndio unaotuponza jikoni, kwa sababu jiwe linalolala juu ya makabati ya nyumba mpya za Nyanchwa, Suneka na Keroka ni graniti, nalo lina tabia zake.

Graniti imejaa kwatzi na feldispa. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini, ambacho mwisho wake ni 10 ya almasi, kwatzi ina 7 na feldispa 6, huku kisu cha kawaida kikiwa 5 na nusu hivi. Ukikatia sukuma wiki juu yake bila ubao, kitakachoumia ni kisu. Hapo ndipo mwenye nyumba anapojidanganya: akiona jiwe halikwaruziki, anadhani haliingii kitu. Graniti ina vinyweleo. Nzuri hufyonza maji yasiyozidi asilimia 0.4 ya uzito wake. Kiwango hicho kinasikika kama si kitu, lakini piga hesabu: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 20 ina kilo 54 hivi, kwa hiyo inaweza kumeza zaidi ya gramu 200. Hicho ni kikombe kizima cha chai.

Na chai Nyamira haikosekani. Majani yake yana tanini, ileile inayoacha mstari wa kahawia ndani ya kikombe. Hata hivyo, kwa maoni yangu, adui mkubwa zaidi ni ndizi. Kila anayemenya ndizi mbichi hapa anajua kwa nini hupaka mikono mafuta kwanza: utomvu wake ukishika kitambaa, kitambaa hicho kimekwisha. Kwenye graniti ya rangi ya kijivu au maziwa hufanya vilevile, tena haraka. Menyea ndani ya beseni la maji. Avokado na mafuta ya chapati hayachafui kwa rangi. Huingia na kuacha kivuli cheusi kinachofanana na jiwe lililolowa lisilokauka.

Kinachozuia haya yote ni sila, dawa ya maji ambayo fundi huipaka ikapenya na kuziba vinyweleo. Haidumu milele. Dondosha maji kijiko kimoja sehemu unayofanyia kazi zaidi, usubiri dakika kumi na tano, kisha ufute. Jiwe likiwa halijabadilika, sila ingalipo. Likiwa limekolea na kuwa jeusi, limekunywa, na ni wakati wa kupaka tena. Usipake kwa sababu tu mwaka umeisha: nyingi ya zile nyeusi tii zinazoitwa graniti madukani si graniti kijiolojia, ni mawe mengine ya magma yaliyopoa chini ya ardhi, na baadhi yake hayafyonzi karibu chochote. Sila isiyopenya hukauka juu, ikaacha utando wa mawingumawingu.

Usafi wa kila siku hauna siri: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, suuza, kausha. Hilo la mwisho ndilo linalorukwa. Povu likiachwa kukaukia hapo hujenga ukungu mwembamba, mwenye nyumba akadhani mng'ao umeisha, akaenda kutafuta dawa kali.

Dawa kali ndizo zinazoniletea kazi. Ndimu, siki na maziwa lala haviiumizi kwatzi, ila hudhoofisha sila, na kama fundi alikuuzia marumaru au terazo kwa jina la graniti, asidi iliyomo humo italila jiwe lenyewe. Terazo imeshikwa na saruji, na marumaru ni chokaa. Vyote viwili hupoteza mng'ao pale pale ndimu ilipodondoka. Jik kila siku, hapana. Dawa ya choo, usiisogeze hata karibu. Waya wa kusugulia sufuria nao huacha vipande vidogo visivyoonekana, navyo hushika kutu kwenye maji ya kando ya sinki. Kisha kuna nta, urithi wa Tabaka. Kwenye kiboko inapendeza. Kwenye kaunta hukusanya vumbi na kushika alama za vidole.

Doa likishaingia, kusugua hakulitoi, kwa kuwa halipo juu. Inabidi livutwe. Kwa mafuta, changanya magadi ya kuokea (si yale ya mawe ya kulainishia mboga) na maji kidogo hadi iwe kama uji mzito wa wimbi, kandika unene wa nusu sentimita, funika kwa karatasi ya plastiki, acha hadi kesho yake. Ondoa plastiki, acha ikauke yenyewe. Inapokauka ndipo inapofyonza. Kwa chai na utomvu, badala ya maji tumia haidrojeni peroksaidi nyepesi ya duka la dawa, na uijaribu kwanza pembeni, kwa sababu mawe meusi mengine yametiwa rangi kiwandani. Doa la zamani huhitaji kurudia mara tatu au nne.

Kuhusu kuvunjika nitasema machache. Sufuria ya moto jiwe litaivumilia, jiko la makaa hapana. Ukanda mwembamba mbele ya sinki ndio dhaifu kuliko pote. Na pale kaunta inapochomoza zaidi ya sentimita 15 bila nguzo, mtoto asiketi.

Zimebaki nyumba za Desemba, zile ambazo wenyewe wako Nairobi au Marekani na hufunguliwa wiki mbili kwa mwaka. Siku ya kufunga, usiache juu ya kaunta kitambaa kibichi wala kopo la bati. Katika hewa yetu ya mvua, chini ya kopo hutokea duara la kutu, na magadi hayalitoi. Nimepambana na mawili ya namna hiyo. Moja lilitoka. La pili bado lipo, na mwenye nyumba amelifunika kwa bakuli la matunda, la jiwe la Tabaka.