Je, Wajua? Sababu ya Kuamka Kesho

Sogea kidogo tukae wote kwenye benchi hili, maana leo nina mambo ya kukuacha mdomo wazi. Tunazungumzia kusudi, ile sababu inayokufanya utupe shuka asubuhi na kushika kazi. Kama unadhani ni mali ya marais na manabii peke yao, ngoja uwaone mfanya usafi, mpeleka barua, muuza vyungu na bibi wa miaka 90 aliyesoma darasa moja na watoto aliowazalisha kwa mikono yake. Haya, twende!

MWILI WAKO UNAJUA

Je, wajua kwamba swali moja tu linaweza kueleza mengi kuhusu uhai wako? Huko Japani, watafiti waliwauliza watu zaidi ya 43,000 kama wana jambo linalowafanya waone maisha yana maana, kisha wakawafuatilia kwa miaka 7. Waliosema hawana walikufa kwa wingi zaidi kuliko waliosema wanalo!

Unasema hayo ni ya wazee? Sivyo! Marekani walifuatiliwa watu zaidi ya 6,000 kwa miaka 14, vijana kwa wazee, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Wenye kusudi waliishi zaidi katika kila rika.

Shika na hili. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya Wamarekani karibu 7,000 waliovuka miaka 50. Wale waliokuwa na kusudi dogo kabisa walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara 2 ukiwalinganisha na wale waliokuwa na kusudi kubwa kabisa.

Na ubongo je? Huko Chicago wazee zaidi ya 900 walifuatiliwa kwa muda uliofika miaka 7. Wenye kusudi kubwa walikuwa na nafasi mara 2.4 zaidi ya kutopata ugonjwa wa Alzheimer, ule unaowaibia wazee kumbukumbu. Umeona? Basi hatujaanza!

KAZI ILE ILE, MACHO MENGINE

Je, wajua kwamba kuna mfanya usafi aliyekuwa akibadilisha picha za ukutani katika wodi ya wagonjwa waliopoteza fahamu? Hakuna aliyemtuma. Watafiti waliozungumza na wafanya usafi wa hospitali moja ya Marekani waligundua kwamba baadhi yao walijihesabu kuwa sehemu ya kuwaponya wagonjwa, ingawa walishika fagio lile lile na kulipwa kama wenzao.

Hebu fikiria dakika 10 tu. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, wafanyakazi waliokuwa wakipiga simu kuomba michango walikutanishwa kwa muda huo na mwanafunzi mmoja aliyesomeshwa na fedha zile. Mwezi mmoja baadaye muda wao wa kuongea na wachangiaji ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142, na fedha walizokusanya zimepanda kwa asilimia 171!

Mpishi naye? Watafiti wa Marekani waliweka mambo sawa ili wapishi na wateja waonane. Wateja wakaridhika na chakula kwa asilimia 17 zaidi, na wapishi wakafanya kazi haraka. Mama ntilie wetu, anayemuona kila mteja akilamba vidole, alishaijua siri hii zamani!

Umekoroga asali kwenye chai leo? Nyuki mfanyakazi mmoja, maisha yake yote, hutengeneza asali ya sehemu moja tu ya 12 ya kijiko cha chai. Kwa hiyo kijiko chako kimoja ni kazi ya maisha ya nyuki 12. Usidharau kidogo unachokifanya!

UMRI? HATUUJUI!

Je, wajua kwamba mzee wa miaka 84 aliwahi kuanza darasa la kwanza? Ni Kimani Maruge wa Kenya, aliyejiandikisha Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, tarehe 12 Januari 2004, akiwa amevaa kaptura na soksi za shule. Mwaka uliofuata alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuhimiza viongozi wa dunia wasomeshe watoto wote.

Naye bibi niliyekuahidi ni Priscilla Sitienei, mkunga kutoka Ndalat, Kenya, aliyeitwa kwa upendo Gogo. Alizalisha watoto kwa zaidi ya miaka 60, na mwaka 2010 akaingia darasa moja na baadhi yao! Alitaka ajue kuandika ili aache maarifa yake ya ukunga kwenye karatasi.

Shigeaki Hinohara alikuwa daktari Tokyo, na bado alikuwa kazini alipovuka miaka 100. Mwaka 1970 ndege aliyopanda ilitekwa nyara. Alipotoka salama akaamua kwamba miaka iliyobaki ni ya kuwahudumia wengine. Ikawa miaka 47, mpaka alipofariki akiwa na miaka 105!

Vidole vikikataa sindano, shika brashi. Anna Mary Robertson Moses, mkulima wa Marekani, alikuwa akitarizi mpaka baridi yabisi ikamzuia. Akaanza kuchora kwa dhati akiwa na miaka zaidi ya 75, akawa maarufu nchi nzima kwa jina la Grandma Moses, na akaishi mpaka miaka 101.

Je, wajua mtu aliyekimbia ili huzuni isimmalize? Fauja Singh, mzaliwa wa Punjab aliyehamia Uingereza, alishika mbio baada ya kumpoteza mwanawe. Marathoni yake ya kwanza aliikimbia London mwaka 2000 akiwa na miaka 89, na mwaka 2011 akamaliza nyingine Toronto akiwa na miaka 100!

Na nyumbani kwetu Unguja? Mwimbaji Bi Kidude aliendelea kupanda jukwaani na ngoma yake hata wajukuu wa wenzake walipokuwa wazee. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Ughaibuni walimpigia makofi, na nyumbani bado aliwafunda wasichana katika unyago!

NYUNDO, TOROLI NA SHIMO LA MBOLEA

Je, wajua kwamba mtu mmoja alipasua mlima kwa nyundo na patasi? Mkewe Dashrath Manjhi, wa kijiji cha Gehlaur, India, alifariki kwa kuwa mlima ulizuia njia ya kwenda hospitali. Manjhi akachonga kwa miaka 22, kuanzia 1960 hadi 1982, akatoboa njia ya mita 110. Safari ya kilomita 55 ikawa 15!

Mpeleka barua wa Ufaransa, Ferdinand Cheval, alijikwaa kwenye jiwe mwaka 1879. Badala ya kulilaani, akalipenda umbo lake, akaanza kuokota mengine njiani na kuyabeba kwa toroli. Baada ya miaka 33 alikuwa amejenga kasri zima kwa mikono yake pale Hauterives, na leo watalii hulipa kiingilio waliangalie.

Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alichimba vishimo vidogo kwenye ardhi iliyokauka kama sakafu, akatia samadi na kusubiri mvua. Majirani walisema amerukwa na akili. Leo mahali pale pana msitu wa karibu hekta 40 wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka!

Unadhani msitu huo ni mkubwa? Subiri. Jadav Payeng wa Assam, India, aliwakuta nyoka wamekufa kwa joto kwenye kisiwa cha mchanga kisicho na kivuli. Alikuwa kijana mdogo, na mwaka 1979 akaanza kupanda miti. Sasa ni msitu wa takriban hekta 550, na tembo huingia humo wenyewe, bila mwaliko!

Je, wajua miti zaidi ya milioni 51 ilianza na miche mingapi? Saba! Profesa Wangari Maathai aliipanda Nairobi mwaka 1977, kisha wanawake wa vijijini wakalipwa kidogo kwa kila mche uliokua. Mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Njaa na karo vilimtoa William Kamkwamba shuleni huko Malawi. Akiwa na miaka 14, mwaka 2002, akasoma vitabu vya maktaba, akaokota feni ya trekta na vipuri vya baiskeli, akasimamisha mtambo wa upepo juu ya magogo ya mkaratusi. Taa ikawaka nyumbani kwao! Waliokuwa wakimcheka wakaja kuchaji simu.

Na gerezani kuna kusudi? Nelson Mandela alipokuwa gereza la Pollsmoor aliomba mapipa 16 ya mafuta, yakakatwa katikati, akayageuza bustani. Wakati mmoja ilikuwa na mimea karibu 900. Mboga zikaliwa na wafungwa wenzake, na askari jela nao wakapewa fungu lao!

MAUMIVU YAKAGEUKA KAZI

Je, wajua kitabu kilichoandikwa kwa siku 9 kikasomwa na mamilioni? Viktor Frankl, daktari Myahudi wa Vienna, alitoka hai katika kambi 4 za Wanazi, na mwaka 1945 akasimulia yote huku wengine wakiandika. Alikusudia kisitoke na jina lake, ila namba yake ya kifungo tu. Ujumbe wake ni kwamba mwenye sababu ya kuishi huweza kustahimili mengi.

Sindano zinakutisha? Zilimtisha pia James Harrison wa Australia, ambaye hakuwahi kuitazama ikimwingia. Akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji mkubwa akaokolewa na damu za watu asiowajua, akaapa kulipa. Alitoa damu na plazma mara 1,173, na inakadiriwa watoto milioni 2.4 walifaidika!

Louis Braille alipoteza macho baada ya kujiumiza na chombo cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake. Alijiumiza akiwa na miaka 3. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa ameshatunga maandishi ya nukta wanayosoma vipofu duniani kote mpaka leo. Miaka 15! Wewe wa kidato cha pili, unasikia?

Simama kidogo kwa heshima ya huyu. John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Aliingia uwanjani na bendeji mguuni, giza limeshaingia, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa 57 na wa mwisho. Alipoulizwa, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma mbali vile ili amalize mbio. Kuzianza tu hakukutosha!

HAPA HAPA KWETU

Je, wajua kwamba michoro ya tingatinga unayoiona kila duka la watalii ilizaliwa katika miaka 4 tu? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, akafariki 1972. Miaka 4! Na zaidi ya nusu karne baadaye familia nyingi bado zinakula kwa mtindo ule.

Muuza vyungu, nimekufikia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akatembeza vyungu huku akiimba ili wateja watoke ndani. Sauti ile ile ikamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wakati wanawake wa huku kwetu hawajarekodi. Shaaban Robert mwenyewe akaandika wasifu wake!

Ndala zako zilizokatika zimeishia wapi? Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walichukua tani 10 za plastiki zilizotupwa na kuunda jahazi la mita 9, wakalivika ndala chakavu 30,000. Mwaka 2019 likasafiri kilomita 500 mpaka Unguja. Wanaliita Flipflopi, na lilielea vizuri kabisa!

Naye Mwalimu Nyerere, mwaka 1963 akiwa Rais wa nchi changa yenye kila aina ya shida, alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya Julius Caesar ya Shakespeare. Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya tamthilia nyingine ya Shakespeare. Na wewe unasema huna muda?

BIBI NA BENCHI

Hili nimeliweka mwisho kwa makusudi. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa aliyekosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 akaanza na mabibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi la mbao na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo.

Je, wajua ilikuwaje? Watu 573 walipimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, waliopata matibabu ya kawaida bado asilimia 50 walikuwa na dalili za sonona. Waliokaa na mabibi? Asilimia 14 tu! Na mabenchi hayo yamefika Zanzibar.

Sasa wahesabu wote niliokutajia. Harrison alikuwa na watoto wachanga, Manjhi alikuwa na wanakijiji, Gogo alikuwa na wakunga wa kesho, na mfanya usafi alikuwa na mgonjwa asiyeweza hata kumshukuru. Kila kusudi lina mtu ndani yake!

Basi zamu yako. Kesho kabla hujafungua duka, hujawasha pikipiki, hujashika chaki wala jembe, taja jina la mtu mmoja atakayefaidika na kazi yako siku hiyo. Likija haraka, kusudi unalo tayari. Likichelewa, mtafute mtu huyo umuulize anahitaji nini, kisha uje unisimulie alikujibu nini!