Ramani ya nyota kiganjani: Jinsi simu inavyoweza kumsaidia mkazi wa Ukambani kusoma anga

PETE ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzani wa kilo 500 hivi ilipoanguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, alasiri ya Desemba 30, 2024, wakazi walibaki wakijiuliza ni vitu gani vingine vinavyozunguka juu ya vichwa vyao.

Siku mbili baadaye, Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) lilieleza kwamba, kwa tathmini ya mwanzo, hicho kilikuwa kipande cha roketi. Vipande vya aina hiyo kwa kawaida huundwa viteketee vinaporejea katika hewa ya dunia au viangukie mahali pasipo watu, kama vile baharini.

Sehemu kubwa ya jibu la swali la wakazi hao inapatikana katika simu ya kisasa. Programu kama vile Stellarium, Sky Map na Heavens-Above zina matoleo yasiyolipiwa. Hata hivyo, wengi hudhani kwamba simu huziona nyota kupitia kamera yake. Sivyo.

Simu hukokotoa tu. Mfumo wa GPS huiarifu mahali ilipo, saa huiarifu wakati, dira iliyomo ndani huonyesha imeelekezwa upande upi, na kihisi kingine hupima imeinuliwa kiasi gani. Kutokana na hayo manne, programu huchora anga linalopaswa kuonekana upande huo.

Moja likikosewa, ramani nzima hupotoka. Mtu aliyesimama kando ya gari au chini ya paa la mabati huenda akaonyeshwa sayari ya Mshtarii mahali pasipo na kitu, kwa kuwa chuma huvuruga dira. Dawa yake ni kusogea mbali, kisha kuizungusha simu hewani kana kwamba unaandika nambari 8. Baadhi ya simu za bei nafuu hazina dira kabisa. Mwenye simu hiyo huitumia programu kama ramani ya karatasi, akianzia kwa nyota anayoifahamu.

Kitui na Makueni zimejaliwa anga ambalo wakazi wa Ulaya hawalipati. Kwa kuwa kaunti hizi zimo kusini kidogo tu mwa Ikweta, karibu nyota zote za kaskazini na za kusini huonekana katika kipindi cha mwaka. Jioni za Mei, kundi la Salibu huwa upande wa kusini ilhali Dubu Mkubwa huwa kaskazini. Usiku wa Januari, Jabari hupita karibu utosini, na si mbali naye huonekana Kilimia, nyota ambazo wakulima wa kale walizitazama ili kujua majira. Hata wahenga walinena kwamba Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.

Anayetaka kuanza achague usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mji. Macho huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mweupe wa simu huiharibu kazi hiyo mara moja. Kwa hivyo, aiwashe programu katika hali ya usiku, ambayo hugeuza kioo kuwa chekundu.

Kisha atofautishe anachokiona. Nyota humetameta, sayari kwa kawaida hutoa mwanga uliotulia. Ndege huwa na taa zinazowaka na kuzima. Setilaiti huonekana kama nyota inayosafiri taratibu, hasa punde baada ya jua kutua au kabla ya mapambazuko, kwa kuwa huko juu bado inamulikwa na jua. Heavens-Above hutaja dakika itakapopita, mradi data zake ziwe mpya. Zipakue kabla ya kwenda mahali pasipo mtandao.

Lakini programu hizi zina mpaka. Haziwezi kukuonya kwamba chuma kitaanguka shambani mwako. Hewa ya juu hutanuka na kunywea kutokana na nguvu za jua, hivyo hata wataalamu hushindwa kutaja mapema mahali hasa kitakapotua kipande kinachoanguka chenyewe.

Kitu kama hicho kikianguka, usikiguse, wazuie watoto wasikikaribie, na uwaarifu polisi au chifu mara moja.