Gari Huondoka Kabla ya Turbo Kuamka

Kwenye njia ya Maua kupitia Kinna hadi Garbatulla, na kwenye njia za vumbi zinazoelekea Modogashe, dereva hujulikana pale gari linaposimama ndani ya laga na kutakiwa liondoke tena. Laga ni mto uliokauka; mchanga ni laini, na pikapu imebeba miraa kupita kiasi. Madereva wengi huamini kwamba gari lenye turbo lina nguvu, hivyo mafuta yakanyagwe kwanza turbo iamke, ndipo klachi iachiwe. Naona imani hiyo imegeuza mambo. Gari la turbo lenye gia za mkono huondolewa na gia na klachi. Turbo huingia kazini magurudumu yakiwa tayari yanasogea, na anayeisubiri akiwa amesimama huilipia kwa klachi yake.

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye ekseli moja: moshi wa ekzosi huzungusha ya kwanza, ya pili husukumia injini hewa zaidi ili ichome mafuta zaidi. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, na shida iliyomo ni ile ile hadi leo. Feni hizo zinaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, lakini injini inayonguruma polepole bila mzigo hutoa moshi kidogo usio na joto la kutosha kuzifikisha huko. Chukua injini mbili za Toyota. 1HZ, ya lita 4.2, haina turbo, na msokoto wake wa juu ni nyutoni-mita 285 kwenye mizunguko 2,200. 1GD ya lita 2.8, yenye turbo, katika Hilux ya gia za mkono hutoa 420 kuanzia mizunguko 1,400. Kwenye karatasi hakuna mashindano. Lakini klachi huanza kushika chini ya mizunguko 1,000, na hapo 1GD haiko mbali na injini ya lita 2.8 isiyo na turbo. Ndiyo maana aliyezoea Land Cruiser ya zamani yenye 1HZ anaweza kuzimikiwa na Hilux mpya yenye nguvu kuliko gari lake.

Kinachofuata ndicho kinachochimbia gari. Dereva akiogopa kuzimikiwa huongeza mafuta na kushikilia klachi nusu. Mizunguko ikipita 1,400 turbo inaamka, na msokoto unapanda ghafla wakati uleule mguu unapoachia klachi. Mchanga haukuongezewa uwezo wa kushika tairi, kwa hiyo nguvu ya ziada haina pa kwenda ila chini: gurudumu linajichimbia shimo, na gari linalalia ekseli. Dawa ni kuifanya gia itoe nguvu ambayo turbo bado haijaitoa. Kwenye Land Cruiser na Hilux, 4L, yaani gia ya chini ya magurudumu manne, huongeza msokoto takriban mara 2.5 bila kuhitaji mizunguko mingi, hivyo klachi inaweza kuachiwa yote mapema, injini ikiwa bado inanguruma polepole. Katika diseli za kisasa kompyuta yenyewe huongeza mafuta mizunguko inapotaka kushuka. Tairi zikipunguzwa upepo kabla ya hapo hutandaza uzito, na kazi ya klachi inapungua zaidi.

Wapo watakaosema kwamba magari ya Safari Rally, yaliyorudi kwenye mashindano ya dunia huko Naivasha mwaka 2021, huondoka kwa kishindo cha mizunguko ya juu. Ni kweli, lakini magari ya namna hiyo huundwa yakiwa na mifumo ya kuifanya turbo isilale: mafuta huachwa yaungue ndani ya ekzosi ili feni ziendelee kuzunguka hata mguu ukiwa umetoka kwenye ekseleta. Joto lake ni kali mno, na nyuma ya gari kuna timu ya mafundi yenye vipuri. Pikapu ya miraa haina hivyo vyote, na klachi ikianza kunuka katikati ya laga, fundi yuko mbali.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la dereva wa lori la mifugo lisilo na 4L. Huyo hana gia ya kumwokoa. Zaidi ya hayo, jua la Garbatulla hupasha moto rejeta ya kupoza hewa ya turbo, ambayo gari likisimama haipati upepo wa kutosha, kwa hiyo hewa inayoingia kwenye silinda huwa nyepesi. Uondokaji wake huamuliwa kabla hajasimama: avuke laga bila kukanyaga breki, na akilazimika kusimama, asimame kwenye ukingo mgumu, pua ikitazama kushuka, ili uzito wa mbuzi usukume lori mpaka turbo ipate moshi wake.