Seli Povu: Askari wa Mwili Wanaolemewa na Mafuta

Utangulizi

Chebunyo, katika Kaunti ya Bomet, ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Miongoni mwa Wakipsigis, mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, ni chakula na pia heshima ya mgeni. Mzee wa huko akiambiwa zahanatini kwamba mafuta yanaziba mishipa yake, ana haki ya kuuliza: je, maziwa yaliyomlea ndiyo adui? Makala haya yanafafanua kinachotendeka ndani ya mshipa na kupima istilahi zinazoweza kumjibu.

Seli povu ni nini?

Baadhi ya seli nyeupe hutoka katika damu, zikaingia katika tishu na kuwa makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu na takataka. Lehemu inayobebwa na damu ikipenya ukuta wa ateri na kuharibika humo, makrofaji huimeza. Mwaka 1979, Joseph Goldstein na Michael Brown walionyesha kwamba seli hizi zina mlango wa kuipokea lehemu ya aina hiyo, nao mlango huo haufungwi hata seli ikishiba. Matone ya mafuta hujaa, na chini ya hadubini seli huonekana kama povu.

Askari aliyelemewa hageuki kuwa mtazamaji tu. Seli povu huita wenzake, huchochea uvimbe, kisha hufa na kumwaga shehena yake. Gamba linalofunika uchafu huo likipasuka, damu huganda hapo; matokeo ni mshtuko wa moyo au kiharusi.

Madhara hayaishii moyoni. Mwaka 2008, watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walieleza jinsi bakteria wa kifua kikuu wanavyojificha ndani ya seli povu na kuyafanya mafuta yake akiba yao.

Ushahidi wa majirani

Mwaka 1972, George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50 wa Kimaasai, wafugaji waliozoea maziwa na nyama. Ateri kuu zilikuwa na mafuta mengi, lakini makovu yaliyopasuka au kuziba yalikuwa nadra, na mishipa ya moyo ilikuwa imepanuka. Mann aliuhusisha upanuzi huo na mazoezi ya maisha yao. Fundisho ni kwamba mafuta ni sehemu tu ya kisa. Anayeacha kutembea, akavuta sigara na kupuuza shinikizo la damu, hawezi kujikinga kwa mfano wa wafugaji hao.

Suala la istilahi

Kwa fundi, lehemu ni kiungo cha kuunganishia vyuma; mgonjwa aweza kudhani inaimarisha mshipa. Makrofaji nalo halifahamiki bila maelezo. Seli povu lina nguvu zaidi, kwani linatokana na kinachoonekana, na kila mkamuaji anajua povu.

Hitimisho

Jibu la mzee, basi, si kuvunja kibuyu. Ni kupimwa damu na shinikizo, kuzingatia kiasi, na kuendelea kutembea. Lakini jibu hilo litamfikia tu iwapo wanaoandaa istilahi watakumbuka kwamba neno la tiba humwendea mgonjwa kwanza, kamusi baadaye.