Injini ya Boti Ikizima Njiani: Tafuta Hewa Kabla ya Kununua Pampu

Mkulima wa skimu ya Mpeketoni au ya Hindi anajua ya kuwa maembe yakifika Mokowe safari yao haijaisha. Yamebaki kuvuka maji mpaka kisiwa cha Lamu, na embe lililoiva halingoji. Kama una sehemu yako katika boti ya kuvushia mazao, basi habari hii yakuhusu, hata kama hujashika spana maishani mwako.

Boti za namna hiyo mara nyingi zina injini ya dizeli ya zamani, iliyonunuliwa kwa mtu aliyechoka nayo. Injini hizo zina ugonjwa mmoja unaojulikana sana. Inawaka vizuri gatini, inakwenda robo saa, halafu mlio wake unapanda na kushuka, inakosa nguvu, na kuzima katikati ya mkondo pamoja na watu na mizigo. Ikifika pwani wenye boti wanaambiwa kwamba pampu imekufa, na kila mtu atoe mchango inunuliwe nyingine. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi pampu ni nzima, na kilichoharibika ni wosha ndogo ya shaba.

Yafaa kwanza uijue njia ya mafuta. Dizeli hutoka katika tangi, hupita chujio la kwanza, huingia katika pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, hupita chujio la pili, kisha huenda kwenye pampu kubwa, ambayo huipeleka kwa injekta. Pampu ndogo haina nguvu nyingi. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka, na msukumo wake ni kama ratili 3 mpaka 6 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari hujazwa karibu ratili 30. Pampu kubwa ndiyo yenye kazi nzito, kwa maana injekta haifunguki mpaka msukumo upite ratili 2,000.

Sasa, mafuta ukiyabana hayakubali kubanwa, bali hewa hukubali. Povu dogo likiingia katika pampu kubwa, pampu hulibana lile povu bure, injekta isifunguke, na injini huzima.

Hewa hiyo huingia wapi? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Kutoka pampu ndogo kwenda mbele mafuta husukumwa, na penye ufa utaona dizeli ikidondoka. Lakini kutoka tangi mpaka pampu ndogo mafuta huvutwa, kama mtu anyonyavyo maji ya dafu kwa mrija. Mrija ukiwa na ufa, hunyonya upepo. Kwa hiyo, ikiwa tangi liko chini kuliko pampu, bomba bovu la upande huu laweza kuwa kavu kabisa. Mtu hupitisha kidole, haoni tone, husema bomba ni zima! Kaza nati zote za upande huo, tazama mpira wa bomba kama umepasuka, na ubadilishe wosha zilizokwisha lalika.

Kabla ya hayo yote, hakikisha kwamba wenzo wa kuzimia injini haukuachwa mahali pa kuzimia. Usicheke, hutokea. Kisha fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa mvumo, na injini ikakubali kwenda baada ya hapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba kwa chumvi au kwa nyumba ya mdudu. Lizibue tu.

Ikiwa tundu ni zima, chukua dumu safi lenye dizeli safi, uunganishe mpira mpya kutoka dumu mpaka pampu ndogo, na uwashe injini boti ikiwa imefungwa gatini. Weka dumu chini sakafuni. Likiwekwa juu mafuta yatateremka yenyewe, na pampu dhaifu itaonekana nzima. Injini ikienda nusu saa bila kusitasita, pampu zako hazina neno. Ubovu uko katika tangi, chujio la kwanza, au bomba. Ikizima kama kawaida yake, endelea mbele.

Fungua bomba linalotoka katika pampu ndogo, kinga kopo, na ubonyeze kiwenzo chake cha mkono. Mafuta yapasa kuruka kwa nguvu kila ubonyezapo. Kiwenzo kikiwa legelege, usiseme bado kwamba pampu imeharibika: huenda kemu imesimama mahali pa kuiinua. Zungusha injini kwa mkono mzunguko mmoja kamili, ujaribu tena.

Machujio hayahitaji maneno mengi. Maji hukaa chini ya dizeli, basi fungua skrubu ya chini mpaka maji yaishe. Jaza tangi jioni baada ya kazi, kwa sababu tangi lililo nusu tupu hufanya umande ndani usiku. Ukiona utelezi mweusi, tangi lenyewe lataka kuoshwa.

Baada ya kufungua chochote, hewa lazima itolewe. Legeza skrubu ya juu ya chujio la pili, bonyeza kiwenzo mpaka mafuta yatoke bila mapovu, na uikaze wakati yangali yanatoka. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Mwisho legeza kidogo nati za mabomba ya injekta, zungusha injini mpaka mafuta yachuruzike, uzikaze. Usiweke mkono wala uso mbele ya mafuta yanayotoka kwa injekta. Mchirizi ule hupenya ngozi kama sindano, na kidonda chake huonekana kidogo siku ya kwanza. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa ile ile, asingoje kuvimba.

Jambo moja halingoji mpaka injini izime. Kila asubuhi chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili imepanda juu ya alama bila mtu kuiongeza, nayo ni nyepesi na inanuka dizeli, huenda kiwambo cha pampu ndogo kimetoboka na dizeli inaingia ndani ya injini. Siku hiyo boti isitoke. Mwite fundi atafute dizeli inaingilia wapi. Ikiwa ni kiwambo, nunua kiwambo au pampu ndogo, mwaga oili yote, na utie mpya kabla ya kuwasha.