Mihrabu ya Kizimkazi na Macho ya Mwenye Kusali

Anayepita njiani Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, hawezi kuutofautisha msikiti ule na majengo mengine ya kijijini: kuta za kawaida, paa la bati, basi. Uzuri wake umewekwa ndani, upande wa kibla. Huko kuna mihrabu iliyochongwa kwa mawe ya matumbawe, na maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu yanayojulikana katika pwani ya Afrika Mashariki, na msikiti bado unasaliwa.

Husemwa mara nyingi kwamba sanaa kama hii humkurubisha mtu kwa Mola wake. Ni nadra kuelezwa jambo hilo hutokeaje.

Tuanze na jiwe. Kuta za misikiti ya kale ya pwani aghalabu zilijengwa kwa mawe magumu ya nchi kavu, yenye matundu. Kwa nakshi nyembamba mafundi walitaka tumbawe hai, lililokatwa chini ya maji. Likiwa bado bichi huchongeka kwa urahisi. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Fundi hakuwa na nafasi ya kusitasita. Kila jani na kila mkunjo ulipaswa kuwa umeshatulia moyoni mwake kabla chuma hakijagusa jiwe. Utulivu huo ndio anaoukuta mwenye kutazama leo, baada ya zaidi ya miaka 900.

Halafu kuna hati yenyewe. Herufi za Kikufi zimenyooka, zina pembe, na aghalabu hazina nukta. Kizimkazi, ncha zake zimechipua majani. Mtu aliyehitimu chuoni, aliyeizoea hati ya msahafu, akisimama mbele ya maandishi haya hukwama. Atatafuta alifu, atakisia lamu, atarudi nyuma na kuanza tena. Maneno ambayo ulimi wake huyapita mbio kila siku sasa anayafikia herufi moja moja. Anayesali mara tano kwa siku hupambana zaidi na mazoea kuliko na ukaidi, na hati ngumu iliyochongwa vizuri huyavunja mazoea bila kumkemea mtu.

Wapo wanaosema mapambo huiba khushuu, na hoja yao ina msingi mzito. Imepokewa na Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alisali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, kisha akaagiza ipelekwe kwa sahaba Abu Jahm kwa kuwa ilimshughulisha. Na katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, ni sunna anayesali atazame pale anaposujudia. Basi ndani ya sala macho yameinama. Mihrabu hufanya kazi yake pembezoni mwa sala: mtu anapongoja ikama, anapomaliza uradi, anapoketi kuisubiri Isha baada ya Magharibi. Humwandaa, kisha humwachia. Kwa kipimo hicho, mazulia ya siku hizi yenye maua na picha za minara yananitia wasiwasi kuliko jiwe lolote la karne ya 12, kwa maana yapo hasa pale macho yanapotakiwa kutua.

Angalia pia kwamba nakshi za mihrabu hazina sura ya mtu wala mnyama. Hakuna kisa cha kufuatilia wala uso wa kukumbuka. Jicho huzunguka ukingoni, hupanda, hushuka, na mwisho huingia katikati, ambako hakuna kitu. Ustadi wote ule umeuzunguka uwazi. Kwangu hili ndilo fundisho zito kuliko yote la mihrabu kwa muumini wa dini inayokataza kumfananisha Mungu na chochote. 

Katika karne ya 18 sehemu kubwa ya msikiti huu ilijengwa upya. Waliojenga wangeweza kuanza upya kabisa, lakini waliyahifadhi maandishi ya zamani. Leo kamati nyingi za misikiti hupata fedha za ukarabati na kwa nia njema huanza na vigae na rangi ya mafuta. Rangi hiyo huziba vitundu vya tumbawe, unyevu ukanaswa ndani na uso wa jiwe ukabanduka. Tabaka zikizidi, makali ya nakshi hupotea na maandishi hayasomeki tena hata kwa mwenye subira. Chokaa, kinyume chake, hupitisha unyevu. Kamati yenye mihrabu ya kale imwite fundi wa chokaa na watu wa idara ya mambo ya kale kabla kopo la kwanza la rangi halijafunguliwa.