Kigeuza Sauti cha Kujiundia: Chunga Umeme Kabla ya Kusifu Chipu

Mwaka jana alifika ofisini kwetu mama mmoja, mjane wa askari, akiwa na ombi dogo. Alitaka kusikia sauti ya marehemu mumewe, ambaye miaka mingi iliyopita alihojiwa na maofisa waliotutangulia katika dawati la uhusiano kwa ajili ya kipindi cha redio. Kanda ile ilikuwa imekwisha kunakiliwa katika kompyuta, nasi tukadhani kazi ni ya dakika moja. Tulipoicheza kwa kupitia tundu la sauti la kompyuta ya ofisi, spika zilitoa mvumo kama wa nyuki walio ndani ya mzinga, na juu ya mvumo huo mkwaruzo uliopanda na kushuka kila kipanya kiliposogezwa. Marehemu alikuwa mtu wa sauti ya chini. Mama alivumilia kwa muda, akashukuru, akaenda zake.

Sajini mmoja wa mawasiliano aliyekuwapo pale alisema kwamba kanda haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la kompyuta. Akaahidi kuunda kwa mikono yake kigeuza sauti kitakachomtoa marehemu katika mvumo ule. Aliyoyafanya, pamoja na makosa aliyoyatangulia (maana alikosea, naye ameniruhusu niseme), ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa najua vijana wengi katika kambi na vituo vyetu vya polisi wanajishughulisha na kazi hii ya lehemu saa za mapumziko.

Kwanza tufahamu kigeuza sauti hufanya nini. Sauti iliyohifadhiwa ndani ya simu au kompyuta ni safu ndefu ya tarakimu. Katika santuri ndogo ya kompakt, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde moja ya sauti huandikwa kwa vipimo 44,100 kwa kila upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huchagua ngazi moja miongoni mwa ngazi 65,536. Kazi ya kigeuza ni kuisoma kila tarakimu na kuigeuza kuwa kiasi fulani cha umeme, ambacho baadaye hukuzwa na kuisukuma spika. Sasa tupige hesabu. Vyombo vingi vya namna hii hutoa umeme wa sauti wa kadiri ya volti 2. Ukiugawa mpando na mshuko wote wa umeme huo kwa ngazi 65,536, kila ngazi hupata kiasi cha sehemu 86 za milioni ya volti. Basi uchafu wa umeme wa sehemu moja tu ya elfu ya volti, ambao mita ya kawaida ya fundi haitauonyesha, umekwisha kuzifunika ngazi zaidi ya kumi za chini. Na huko chini ndiko anakokaa mtu wa sauti ya chini.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la sajini wetu, nalo ni kosa la karibu kila mtu aanzaye. Alisoma sifa za chipu, akavutiwa na ile iitwayo ES9038Q2M ya kampuni ya ESS ya Marekani, ambayo kiwanda chake huinadi kwa tofauti ya desibeli 129 kati ya sauti kubwa kabisa na uchafu wake wenyewe. Akatoa fedha zake, akaagiza bodi iliyo na chipu hiyo, akailisha kwa chaja ya simu. Mvumo uliondoka, lakini mahali pake pakaja mluzi mwembamba usiokoma. Hakuwa amenunua chipu mbaya. Chaja ya simu hukata na kuunga umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na chipu za aina hii hutumia umeme wao wa upande wa sauti kama rula ya kupimia kila ngazi. Rula ikitikisika, vipimo vyote hutikisika pamoja nayo, hata kama mpimaji ni hodari namna gani. Askari atalielewa jambo hili upesi: kikosi bora kabisa kilicholishwa chakula kibovu hakifiki kilima cha pili.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuunda kigeuza na aanze na kidhibiti cha umeme, yaani kile kijipande kinachopokea volti nyingi zinazoyumba na kutoa volti chache zilizotulia. Wa kawaida kuliko wote ni 7805, anayetoa volti 5. Ni mvumilivu, wa bei ndogo, na hupatikana katika duka lolote la fundi wa redio. Sharti lake ni kwamba anahitaji kupokea volti zipatazo 2 zaidi ya zile anazotoa. Ukimpa 6 hatadhibiti kitu. Ndugu yake LM317, aliyebuniwa na Robert Dobkin katika kampuni ya National Semiconductor miaka ya 1970, hutoa volti unayoitaka wewe kwa kutegemea rezista mbili. Weka rezista ya omu 240 kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia, na ya omu 390 kutoka mguu wa kurekebishia hadi waya hasi, utapata volti 3.3, ambazo ndizo zinazotakiwa na chipu nyingi za leo. Ongeza kapasita ya maikrofaradi 10 sambamba na hiyo rezista ya 390. Kwa kapasita hiyo moja ya senti chache, uwezo wake wa kuzuia mawimbi ya umeme wa nyumbani hupanda kutoka desibeli zipatazo 65 hadi 80, yaani wimbi linaloingia hutoka likiwa limepunguzwa kiasi cha mara elfu kumi.

Naomba nisimame kidogo hapa, kwa sababu mtego huu umeua chipu nyingi. 7805 na LM317 wamevaa sare moja: mwili mweusi, miguu mitatu, na mgongo wa bati wenye tundu. Lakini miguu yao haifanani. Ukiwatazama usoni kutoka kushoto, 7805 ana mguu wa kupokelea, wa waya hasi, kisha wa kutolea. LM317 ana wa kurekebishia, wa kutolea, kisha wa kupokelea. Tena bati la mgongoni mwa 7805 limeungwa na waya hasi, na la LM317 limeungwa na umeme unaotoka. Anayemkaza LM317 kwa skrubu juu ya boksi la chuma lililoungwa na waya hasi, bila kuweka kipande cha mika katikati, amekwisha kuufunga umeme wake wote ardhini.

Siku hizi wapo pia vidhibiti vya hali ya juu, kama LT3045, ambacho uchafu wake haufiki hata sehemu moja ya milioni ya volti, ilhali ule wa LM317 kwenye volti 3.3 huwa kama sehemu mia moja. Tofauti hii ni ya kweli, lakini isitutie wazimu. LT3045 ni mdogo mno, ana bati la kulehemu lililofichwa chini ya tumbo lake, na bei yake ni mara nyingi ya bei ya LM317. Kwa maoni yangu astahili kununuliwa kwa ajili ya chipu ambayo umeme wake ndio rula, kama ile ya ESS; kwa chipu zenye kujikinga zenyewe ni anasa. Wale wanaotaka kula umeme wa USB wa volti 5 waelewe kwamba kati ya 5 na 3.3 pamebaki volti 1.7 tu, nazo hazimtoshi LM317. Hapo mtumie AMS1117 wa volti 3.3, ambaye hutosheka na pungufu ya hapo.

Neno moja kwa madereva na walio katika vituo vya mbali. Magari mengi ya kijeshi hutumia betri za jumla ya volti 24. Mtu akimlisha 7805 moja kwa moja kutoka huko, na kigeuza kikala ampia 0.1, volti 19 zinazobaki hugeuka joto la wati 1.9. Kidhibiti kisicho na bati la kupozea hupanda kama digrii 65 kwa kila wati, kwa hiyo kitapanda digrii zaidi ya 120 juu ya joto la hewa, kitavuka mpaka wake wa digrii 125, na kitajizima chenyewe ili kisiungue. Mwenyewe atasema chipu ni mbovu. Mgawanye mzigo huo kwa kutanguliza 7812 wenye bati la kupozea, au uache gari na utumie betri ya sola ya volti 12. Betri hiyo haina mawimbi kabisa, ila wakati wa kusikiliza ichomoe kwanza kwenye kifaa cha kuchajia cha paneli, maana hicho nacho hukata na kuunga.

Sasa chipu zenyewe. Anayetaka kuchomeka kwenye kompyuta na kusikiliza mara moja, PCM2704 humtosha: huzungumza USB yenyewe, haidai programu ya ziada, na biti zake 16 zinatosha kwa sauti za watu na bendi. PCM5102A ni bora zaidi, hujitengenezea yenyewe saa inayohitaji, na hutoa volti 2.1 za sauti kwa kulishwa volti 3.3 pekee, miguu yake 20 imeachana kwa milimita 0.65, kwa hiyo fundi mwenye mkono wa kutetemeka anunue bodi iliyokwisha kulehemiwa. Wazee wa kazi huipenda TDA1541A ya Philips ya miaka ya 1980, lakini hiyo hudai volti 5 chanya, 5 hasi na 15 hasi, tena sokoni imejaa ulaghai. Zile zilizochaguliwa kiwandani zilipigwa chapa ya taji, na walaghai wamejifunza kuchapa taji juu ya chipu za kawaida, kama mtu anayejivika cheo bila amri ya kupandishwa.

Jambo hili si mzaha wa mafundi wa sebuleni. Mwaka 2012 Kamati ya Huduma za Kijeshi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti iliyoeleza kesi zipatazo 1,800 za vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa bandia katika zana za jeshi lao, na jumla ya vipuri hivyo ilizidi milioni moja. Uhaba nao huwapa walaghai nafasi: moto ulioteketeza kiwanda cha AKM huko Nobeoka, Japani, Oktoba 2020, uliadimisha chipu zake za sauti na kupandisha bei duniani kote. Ukiona chapa inayofutika kwa kitambaa chenye spiriti, au bei ambayo ni robo ya ile ya wauzaji wa kuaminika, rudisha.

Sajini alianza upya. Alichukua PCM5102A, akailisha kwa LM317 wawili, mmoja wa upande wa tarakimu na mmoja wa upande wa sauti, wote wakila betri ya volti 12. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi Zero, iliyobeba nakala ya kanda, ilipewa 7805 wake yenyewe mwenye bati la kupozea. Kabla ya kuunga chipu alipima kila kidhibiti kwa mita na kuandika jibu kwenye daftari. Kisha usiku, kambi ilipotulia, aliongeza sauti ya spika hadi mwisho bila kucheza chochote. Akasikia mvumo mdogo, akagundua kapasita moja ya nanofaradi 100 imewekwa mbali na mguu wa chipu, akaisogeza. Aliporudia, alisikia chura wa nje.

Mama yule alirudi akiwa na kijana wake wa mwisho. Sauti ya marehemu ilianza kwa kikohozi ambacho hakuna kati yetu aliyekuwa amekisikia siku ile ya kwanza, kisha akataja namba yake, cheo chake na kikosi chake. Mama alimgeukia kijana, akamwambia kwamba baba yake ndivyo alivyokuwa akikohoa kila alipotaka kuanza kusema. Sajini akatoka nje kutazama betri.